Diski namba 7: shajara ya kufufua gemu za DOS

11 Januari 2025, Jumamosi: kopo la biskuti

Mjomba alipohama Ngamiani aliniachia kopo la biskuti lenye diski 22 za inchi tatu na nusu. Zilitoka kwenye duka lake la kuchapa barua hapa Tanga, ambako miaka ya 1996 hadi 1998 palikuwa na kompyuta moja ya 486 (aina ya kompyuta ya enzi hizo), iliyotumia DOS, mfumo endeshi wa zamani. Duka likifungwa, mimi na dada yangu tuliruhusiwa kucheza mpaka adhana ya isha. Diski nyingi zimeandikwa kwa kalamu ya wino: BARUA 96, MITIHANI, KEEN 4, DOOM (moja kati ya mbili), JAZZ. Majina matatu ya mwisho ni ya gemu. Diski ya Keen, mvulana anayeokoa wazee waliotekwa, ni namba 7.

Gemu zote tatu ni za sheawea, yaani programu ambazo mwenyewe aliruhusu zinakiliwe na kugawiwa bure, na aliyeipenda atume pesa apate zilizobaki. Mwaka 1987 Scott Miller wa kampuni ya gemu ya Apogee, huko Garland, Texas, aliipa njia hiyo umbo jipya kwa gemu zake za Kroz: sehemu ya kwanza kamili inagawiwa bure, za pili na tatu zinauzwa. Ndiyo sababu Keen na Doom zilifika hadi duka la kuchapa barua Tanga bila mtu yeyote kuvunja sheria. Mtu alinakili, akampa mwenzake, naye akanakili. Hata leo sehemu hizo za kwanza unaweza kumpa jirani, alimradi umpe furushi zima kama lilivyo.

Nilimtumia dada picha ya kopo. Yuko Mombasa siku hizi. Alijibu kwa sauti ya WhatsApp: "We mdogo wangu, ile Keen usiifute. Nilibakiza mzee mmoja tu. Idd nakuja, nataka nimalizie pale pale nilipoachia."

Basi mradi ni huo. Gemu yenyewe ipo kila mahali kwenye intaneti. Ninachotaka ni faili lake yeye, alilohifadhi juu ya diski namba 7, lifunguke kwenye kompyuta halisi yenye kibodi ya kugonga na skrini ya kioo kinene, kabla ya Idd. Naandika kila hatua ili mwenye kopo kama hili kwao asirudie makosa yangu.

19 Januari: kosa lililoniuma zaidi

Nilinunua draivu ya flopi ya USB kwa Sh 45,000. Nikaanza na diski ambazo sizijali, BARUA 96, ili nipime draivu. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu sikuifungua kifuniko nikaitazama kwanza.

Ukikisukuma kile kibati cha kuteleza kwa ukucha, unaona utepe wa duara wa rangi ya kahawia iliyokoza. Ukiwa mzima unang'aa kama kioo cha saa. Ule wa BARUA 96 ulikuwa na madoa ya kijivu, mviringo mviringo, kama ukungu wa mkate. Hewa ya pwani na miaka 27 ndani ya kabati. Nilipouingiza, draivu ilikwaruza mara tatu kisha ikanyamaza. Nikautoa, nikaingiza MITIHANI, ambayo ilikuwa safi. Nayo ikakwaruza. Nilipoitoa ilikuwa na mstari mwembamba wa mchubuko, pete nzima kuzunguka utepe. Ukungu ulikuwa umeganda kwenye kichwa cha kusomea, nacho kikaichuna diski iliyofuata. Mitihani ya mjomba imekwenda.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na usiuruke hata kwa diski usiyoijali:

Fungua kibati, zungusha utepe kwa kushika kitovu cha chuma kilicho nyuma, tazama pande zote mbili kwenye mwanga wa dirishani. Ukiona doa, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya isopropili (si ya rangi ya buluu, ile inaacha mabaki), pangusa taratibu kutoka katikati kwenda nje huku ukizungusha kitovu, kisha acha ikauke saa nzima. Safisha na kichwa cha draivu kwa kijiti kingine. Baada ya kila diski yenye doa, safisha kichwa tena kabla ya kugusa inayofuata. Na kabla ya yote, fungua kile kitundu cha pembeni cha kuzuia kuandikwa. Kikiwa wazi unaona mwanga kupitia kwake, na hakuna programu itakayoweza kuharibu kilichomo.

Spiriti na vijiti: Sh 4,500.

1 Februari: diski 7 inasomeka, karibu yote

Nilijizuia wiki mbili nisiiguse diski 7 mpaka nimezoea na nyingine. Leo nimeisoma.

Usinakili mafaili moja moja. Chukua taswira ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwa programu ya ddrescue kwenye Linux:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski07.img diski07.map`

Faida yake kubwa ni lile faili la mwisho, ramani. Linakumbuka sekta zipi zimesomwa na zipi zimegoma, kwa hiyo unaweza kusimama, kusafisha tena, hata kuhamia draivu nyingine, nayo itarudi kwenye zile zilizogoma peke yake. Diski ya aina hii ina sekta 2,880 za baiti 512, jumla baiti 1,474,560. Zangu ziligoma 19.

Kujua sekta hizo ni za faili gani, nilinakili taswira pamoja na ramani yake, kisha kwenye nakala nikaiambia ddrescue ijaze sehemu zilizogoma kwa maneno BAD-SECTOR (ni ile hali ya `--fill-mode`). Nikaifungua nakala kama diski na kutafuta maneno hayo kwa grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Yalitokea kwenye mafaili mawili: KEEN4E.EXE, ambayo ndiyo programu yenyewe, na faili moja la maandishi ya kuagizia sehemu nyingine. SAVEGAM0.CK4, faili la dada, halikuwa na doa. Tarehe yake 27 Desemba 1997.

Nikalitazama kwa hexdump, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja. Baiti za mwanzo zinasoma CK4, na hatua chache mbele kuna jina alilolipa: DADA USIGUSE.

Nilikaa na hiyo skrini kwa muda.

9 Februari: kwa nini faili zima halikutosha

Nilidhani kazi imekwisha. Kama EXE ina sekta mbovu si neno, Keen 4 toleo la 1.4 la sheawea linapatikana kwa urahisi. Nikalishusha, nikaweka SAVEGAM0.CK4 kando yake, nikawasha DOSBox 0.74-3, programu inayoigiza kompyuta ya DOS.

Gemu ikafunguka vizuri. Kwenye orodha ya michezo iliyohifadhiwa, nafasi zote zikasema tupu.

Jioni mbili nzima niliamini faili limeoza kwa namna ambayo hexdump haionyeshi. Nilibadilisha jina, nikalitoa sifa ya kusomwa tu, nikaliweka kwenye folda tofauti. Jibu nililipata mahali ambapo sikutarajia. Msimbo wa Keen 4, yaani maandishi ya programu kama walivyoyaandika waundaji, haujawahi kutolewa, lakini ule wa ndugu yake wa karibu, Keen Dreams, ulitolewa mwaka 2014 kwa leseni huria ya GPL, na wote wawili ni kazi ya kampuni ya id Software ya mwaka 1991. Kwenye Keen Dreams, mchezo uliohifadhiwa hukaguliwa mambo mawili kabla ya kuonyeshwa: zile herufi za mwanzo, na anwani ya kitu fulani ndani ya programu iliyoandika faili. Programu ikiundwa upya kutoka kwenye msimbo, anwani inahama. Toleo jipya linapokutana na faili la toleo la zamani halilalamiki, linalipita kimya kana kwamba halipo.

Nikalinganisha EXE mbili. Ile ya diski 7 ni toleo la zamani kuliko 1.4. Kumbe faili la dada linafunguka kwa EXE ile ile iliyoliandika, na hiyo ndiyo yenye sekta mbovu. Funzo la kivitendo kwa mwenye michezo ya zamani iliyohifadhiwa: usitupe programu ukabaki na faili la mchezo tu. Tunza vyote viwili kutoka diski moja.

Wakati huo huo nilimtumia dada picha ya skrini ya gemu. Akajibu: "Mbona Keen amekuwa mfupi mnene?" Na ni kweli. Gemu hizi zinachora pikseli 320 kwa 200, lakini zilikusudiwa skrini ya uwiano wa 4 kwa 3, ambako kila pikseli ni ndefu kuliko upana wake kwa sehemu moja ya tano hivi. Kwenye skrini ya laptop pikseli ni za mraba, kwa hiyo kila kitu kinabonyea. Kwenye faili la mipangilio la DOSBox, sehemu ya [render], andika `aspect=true`. Mimi nilikuwa nimeiangalia siku mbili bila kuona, yeye kaona kwenye simu.

22 Februari: Pentium III, na sekta 17

Nimenunua mashine. Mnara wa Pentium III wa MHz 866, kumbukumbu megabaiti 256, Sh 50,000 kwa fundi mmoja wa kompyuta za mitumba, na skrini ya kioo kinene Sh 25,000. Kibodi ya PS/2 Sh 5,000. Ningependa 486 kama ya mjomba, lakini sijaiona sokoni, na mazabodi za enzi ile mara nyingi zina betri ya pipa iliyounganishwa juu yake kwa risasi. Ikivuja inakula njia za shaba. Hii ina betri ya sarafu ya CR2032 tu. Ilikuwa imekufa, mpya Sh 2,000.

Sababu kubwa ya kuinunua ilikuwa draivu yake ya flopi ya ndani. Vichwa vya draivu mbili havisimami sawasawa juu ya mstari, na kinachomshinda mmoja mwingine anaweza kukiona. Nikaisafisha kwa spiriti, nikawasha mashine kwa CD ya Linux nyepesi ya zamani, nikaleta taswira na ramani kwa fleshi:

`ddrescue -d -r5 /dev/fd0 diski07.img diski07.map`

Kati ya 19, zikarudi 11. Nikatoa diski, nikageuza kitovu kidogo kwa kidole, nikairudisha. Zikarudi 4. Nikapangusa kwa spiriti mara ya mwisho, nikaacha ikauke, nikasali alasiri, nikarudi. Mbili zaidi. Zimebaki sekta 2, zote kwenye lile faili la maandishi. EXE imekamilika.

Nikaiwasha kwenye DOSBox moja kwa moja kutoka taswira (`imgmount a diski07.img -t floppy`). Orodha ya michezo: DADA USIGUSE. Ndani yake wazee saba kati ya wanane wameokolewa, maisha manne, na kwenye mstari wa vazi la kuogelea kuna alama tatu za kuuliza. Ndiyo maana alikwama. Mzee wa mwisho yuko chini ya maji.

Kufunga FreeDOS, DOS huria ya kuendeshea mashine hii, kulienda haraka. FreeDOS ilianzishwa na Jim Hall mwaka 1994, Microsoft walipoonyesha kwamba wanaiacha MS-DOS, na toleo la 1.3 la mwaka 2022 linatosha kwa kazi hii. Diski kuu ya mashine ilikuwa ikilia kwa kugonga, nikaiweka kando na kutumia kadi ya kumbukumbu ya CF ya gigabaiti 4 pamoja na adapta ya IDE ya kuiunganisha na mashine, Sh 32,000. Nilipoteza saa moja kwa sababu baada ya FDISK, programu ya kugawa diski, sikuiweka sehemu ya diski kuwa hai, kwa hiyo mashine ikawa inakaa na skrini nyeusi na mshale unaopepesa. Ukiona hivyo, rudi FDISK kabla ya kulaumu kadi. CD tupu ya kufungia, Sh 1,000.

8 Machi: sauti

Ramadhani imeanza, nafanya kazi hii baada ya tarawehe.

Gemu za DOS hazimuulizi mtu kuhusu sauti. Kila gemu inazungumza na kadi ya sauti yenyewe, moja kwa moja kwenye milango yake: Sound Blaster mlango 220, AdLib mlango 388. Mashine yangu ina kipande cha sauti cha AC97 kwenye mazabodi, ambacho hakijui kabisa milango hiyo, na haina nafasi ya kadi za ISA ambako ningechomeka Sound Blaster ya kweli. Miaka michache iliyopita hapo ningeishia.

Siku hizi kuna SBEMU. Inakaa kwenye kumbukumbu, inakamata kila gemu inapogusa milango ile, na kucheza sauti kupitia kipande cha kisasa. Ili ikamate inahitaji wasaidizi wawili, kwa sababu gemu za DOS ni za aina mbili. Doom inaendesha hali ya ulinzi ya processor, kwa msaada wa programu ya DOS/4GW. Kwa hizo msaidizi ni HDPMI32I. Keen ni ya hali halisi ya zamani. Kwa hizo msaidizi ni JEMMEX pamoja na QPIEMU.

Mimi nilipakia wa kwanza tu. Doom ikanguruma vizuri, milango ikifunguka kwa ule mlio wake. Nikafurahi, nikafungua Keen, na Keen akalia kwa spika ndogo ya ndani ya kasha, pip pip, bila muziki. Hakuna ujumbe wa kosa. Keen alitafuta AdLib, hakuiona, akarudi kwenye spika. Ilinichukua mpaka karibu na daku kuelewa kwamba hizo ni njia mbili tofauti. Mipangilio inayofanya kazi ni hii. Kwenye FDCONFIG.SYS:

`DEVICE=C:\FREEDOS\BIN\JEMMEX.EXE`

Na kwenye FDAUTO.BAT, kwa mpangilio huu huu:

`SET BLASTER=A220 I7 D1 H5 T6`
`JLOAD C:\SBEMU\QPIEMU.DLL`
`C:\SBEMU\HDPMI32I.EXE -x`
`C:\SBEMU\SBEMU.EXE`

JEMMEX inabeba kazi ya HIMEM na ya EMM386, programu za kusimamia kumbukumbu, kwa pamoja, kwa hiyo futa mistari ya hizo mbili. Kwenye Doom endesha SETUP uchague Sound Blaster, mlango 220, IRQ 7, DMA 1, namba zile zile za mstari wa BLASTER. Usiache ijikisie.

Halafu Keen akaanza kwa muziki wa mtunzi Robert Prince. Sikuwahi kuusikia. Kompyuta ya mjomba haikuwa na kadi ya sauti, kwa hiyo kwa miaka yote ile sisi tulijua ile pip pip tu. Muziki ulikuwa ndani ya diski hiyo hiyo wakati wote.

16 Machi: Jazz na kosa namba 200

Doom imetulia bila kazi yoyote ya ziada, kwa sababu inafuata saa na haichori zaidi ya picha 35 kwa sekunde hata mashine iwe na mbio kiasi gani. Mpwa wangu wa miaka 12 amehamia chumbani kwangu.

Keen alikuwa na tatizo dogo: akikimbia, skrini inatetema kushoto na kulia. Gemu hiyo husogeza picha kwa kuiagiza kadi ya VGA ianze kuchora mahali pengine kidogo, na si kila kadi iliyokuja baadaye inatii agizo hilo kwa wakati ule ule. Ndani ya menyu ya Keen mwenyewe kuna chaguo la SVGA Compatibility. Liwashe, kutetema kunaisha. Nilijaribu kwanza kubadilisha mipangilio ya skrini na kuchezea BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), saa mbili za bure. Fungua menyu za gemu kabla hujaigusa mashine.

Jazz Jackrabbit ndiye aliyenishinda. Ukiita programu, kabla hata ya picha inaandika Runtime error 200 na kurudi kwenye mshale. Kosa 200 maana yake ni kugawanya kwa sifuri, lakini hakuna anayegawanya kwa sifuri. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal hupima mbio za mashine zinapoanza: zinazungusha kitanzi tupu na kuhesabu kimezunguka mara ngapi ndani ya pigo moja la saa ya DOS, ambayo hupiga mara 18.2 kwa sekunde. Hesabu hiyo inagawanywa kwa 55, kwa kuwa pigo moja ni milisekunde 55, ili wajue mizunguko ya milisekunde moja. Jawabu limepewa nafasi ya biti 16, yaani halizidi 65,535. Kwenye 486 linaenea vizuri. Kwenye processor ya MHz 200 na zaidi halienei, na processor inatoa ishara ile ile inayoitoa ukigawanya kwa sifuri.

Nilijaribu kuipunguza mashine mwendo. Kwenye BIOS unaweza kuzima kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya processor, na Pentium III bila kache inakuwa kama mzee anayepanda ngazi. Jazz akafunguka! Lakini mashine ikawa nzito mno, sungura anaruka na picha inamfuata baadaye. Ukiirudisha kache, kosa 200. Kwenye BIOS hii hakuna cha katikati.

Kwa hiyo Jazz nimempeleka DOSBox kwenye laptop, na hapo anakaa. DOSBox inakuruhusu kuamua mashine ya kuigiza iwe na mbio gani, kwa hesabu ya maagizo inayotekeleza kila milisekunde. Nimeweka `cycles=fixed 20000`, kisha nikarekebisha kwa sikio na jicho: Ctrl na F12 kuongeza, Ctrl na F11 kupunguza. Epic MegaGames waliitoa gemu hii mwaka 1994, kwa hiyo lenga mashine ya mwaka huo. Nilitaka gemu zote tatu zikae kwenye mnara mmoja, na hili sikulipata. Mwenye mashine ya MHz 100 hadi 166 hatakutana na kosa hili kabisa, na kama ningeanza upya ningesubiri nipate ya namna hiyo.

Gharama mpaka leo: Sh 164,500.

1 Aprili: Idd pili

Dada alifika juzi kwa basi la Horohoro. Jana ilikuwa siku ya wageni na biriani. Leo asubuhi, kabla watoto hawajaamka, alivuta kiti mbele ya mnara.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya mambo mawili ambayo nawashauri wote. Taswira ya diski 7 imekaa sehemu tatu tofauti, na diski yenyewe imerudi kwenye kopo ikiwa na kitundu chake wazi. Kwenye mashine anatumia nakala, toleo lile lile la zamani, na nikamwambia ahifadhi kwenye nafasi ya pili, asiandike juu ya ile ya 1997.

Akachagua DADA USIGUSE. Muziki ukaanza. Alisikiliza kidogo, akageuka: "Hii siyo."

Nikamweleza habari za kadi ya sauti, AdLib, SBEMU, usiku wa daku. Alinisikiliza vizuri. "Ni nzuri," akasema. "Lakini hii siyo. Nirudishie ile." Nikabonyeza F2, nikachagua spika ya ndani. Keen akaruka, pip, na dada akacheka kwa sauti ya mtoto wa darasa la sita.

Alikuwa amekwama kwenye kisima, Well of Wishes, kwa sababu kuna ziwa na Keen hawezi kuogelea. Binti mfalme ndani ya gemu anasema vazi la kuogelea limefichwa Miragia, lakini mwaka 1997 hakuna kati yetu aliyejua Kiingereza cha kutosha, na maneno yale tuliyapita kwa kubonyeza Enter. Leo aliyasoma mwenyewe, polepole, akitafsiri kwa sauti. Kisha akamtembeza Keen kwenye ramani mpaka jangwani, mahali palipo patupu, akasimama.

Miragia ni mji wa mazigazi. Unatokea, unafifia, unatoweka. Lazima usubiri kando ya mchanga.

"Uko wapi?"

"Subiri, dada."

Mchanga ukaanza kubadilika rangi, minara ikajichora mmoja mmoja, naye akaingia.